Fiberglasi Haina Ardhi

Ukurasa wa kumi na tisa uliliwa na mchwa,
nao ndio uliokuwa na habari za taa.
Wa kumi na nane unaishia "sasa hakikisha kwamba",
wa ishirini unaanza na mkanda wa kiti.
Basi nikahakikisha peke yangu.

Nyafwono akaniletea futikamba ya mama yake,
ile ya kushonea, inayoanzia inchi ya tatu
kwa sababu za mwanzo zilikatika pamoja na sare za shule.
Tukapima toka chini hadi pale nyonga ya gari inapopinda,
tukatoa tatu, tukabishana, tukapima tena.

Emojong, jirani, ameegemea ua wa michongoma:
"Ziweke karibukaribu, zitapendeza, kama macho ya paka."
Hapana. Hii ni Tororo, bwana.
Matrela ya Malaba yakikukuta usiku na taa zilizobanana
yanakuhesabu bodaboda,
na bodaboda unajua inavyohesabiwa.
Nazitaka mabegani kabisa, mwisho wa upana.

Baba alikuwa na baiskeli na kazi ya kiwanda cha saruji.
Akitaka kukata kulia jioni alinyoosha mkono,
mkono mweupe hadi kwenye kiwiko,
vumbi lisilosikia sabuni ya siku za kazi,
na malori yalingoja.
Jumapili, akiwa amejisugua vizuri kwa ajili ya kanisa,
hakuna aliyemwona.

Waya ni kijani chenye mstari mwekundu kwa kushoto,
kijani chenye mstari mweupe kwa kulia.
Wa kulia uliniishia karibu na tangi,
nikauunga na waya wa redio, wa zambarau,
nikaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo
ili atakayekuja kutafuta ubovu asinitukane sana.

Kisha betri. Kisha swichi. Kisha
tik.
Nyafwono yuko nyuma, amechuchumaa na kikombe cha uji.
"Kushoto, baba?"
"Kushoto."
"Mbona kulia nako kunakonyeza?"

Nikazima. Nikawasha. Zote mbili, hafifu,
kama watu wawili wanaosingiziana.
Nikabadili balbu. Nikabadili relei.
Nikamlaani aliyeniuzia relei. Nikala. Nikarudi.
Saa tisa ndipo nilipogonga bodi kwa kucha:
ko, ko. Sauti ya beseni.

Bati lingeurudisha umeme lenyewe, kimyakimya,
bila kuombwa.
Fiberglasi haina ardhi.
Kila taa unayoipachika imening'inia hewani,
inatafuta pa kurudi, na isipopata
inapitia kwa jirani.

Nami nilizaliwa kwota za kiwanda, namba sitini na tatu,
chumba cha kampuni, mihogo kwenye shamba la kampuni,
kitovu changu kikazikwa uani
ambapo leo matrela yanalala.
Jambo hili nilipaswa kulijua kabla ya chai.

Basi nyaya nne nyeusi, mmoja kwa kila taa,
mpaka kwenye fremu, chini ya kiti cha dereva.
Nikakwangua rangi niliyoipaka mwenyewe mwezi uliopita,
roho ikiniuma, makoti mawili na brashi mpya,
hadi chuma kikang'aa.
Nikabana kwa nati ya kumi. Nikapaka grisi.

"Kushoto?"
"Kushoto tu, baba. Kulia kumelala."

Gari liko juu ya matofali. Injini bado iko Mbale, kwa deni.
Hakuna kona ya kukata hapa ila ile ya jikoni.
Lakini jioni hiyo nililiacha likiashiria,
kuku wakipita nyuma yake wakawa rangi ya chungwa,
wakarudi kuwa kuku, wakawa chungwa,
na Emojong, akitokea upande wa pili na baiskeli yake,
akafunga breki,
akanipisha.